Aiskrimu ya chokleti ya "light" sio ruhusa kwa mgonjwa wa kisukari, tuwekeeni namba wazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua za wasomaji. Kwenye kona yenu ya afya mlitoa ushauri kwamba mwenye kisukari, au yeyote anayepunguza uzito, akitamani kitu kitamu cha baridi basi achague aiskrimu ya chokleti iliyoandikwa light kwa sababu hiyo "haina shida". Mimi nimesomea mambo ya chakula na nimefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha maziwa upande wa aiskrimu, hizo miksi nimezichanganya kwa mikono yangu, na kwa heshima zote nasema ushauri ule jinsi ulivyoandikwa unaweza kumuumiza mtu. Sio kwamba light ni sumu, hapana, wala sisemi watu waache kula aiskrimu na joto hili la Dar. Nachosema ni kwamba ile light inazungumzia mafuta, au kalori kwa ujumla, na mgonjwa wa kisukari kitu cha kwanza anachotakiwa kukiangalia ni wanga, sasa hapo mmemwelekeza mtu kwenye mlango ambao sio wake.

Tuanze na namba maana bila namba tutabaki kubishana tu. Wizara ya Kilimo ya Marekani ina orodha kubwa ya vyakula na virutubisho vyake, ipo wazi mtu yeyote anaiona. Aiskrimu ya chokleti ya kawaida kwa gramu 100 ina kalori kama 216, mafuta gramu 11, wanga gramu 28. Ile ya light, gramu 100 hizo hizo, ina kalori kama 187, mafuta gramu 7 na kidogo, wanga karibu gramu 26. Haya sasa angalia, mafuta yameshuka kwa theluthi nzima lakini wanga umeshuka gramu mbili hivi, yani nusu kijiko cha chai cha sukari. Na kalori zenyewe tofauti haifiki hata 30. Kuna na kitu kingine ambacho watu wengi wakikisikia hawaamini, orodha hiyo hiyo ina aiskrimu ya chokleti ile nzito kabisa, ya krimu nyingi, yenye kalori kama 255 na mafuta gramu 17, wanga wake ni kama gramu 20 tu. Kwa hiyo ukipanga zote tatu kwa wanga, ile nzito ndio ya chini, halafu light, halafu ya kawaida. Tafadhali msinielewe vibaya, sijasema mgonjwa akale ile nzito, ile ina mafuta ya kuganda (kwenye lebo za Kiingereza ni "saturated") gramu kama 10 kwenye gramu 100 na mtu anayekula chakula cha kalori 2,000 kwa siku anashauriwa na Shirika la Afya Duniani asivuke kama gramu 22 za mafuta hayo kwa siku nzima, sasa gramu 100 tu za aiskrimu hiyo zimeshakula karibu nusu. Wagonjwa wetu wengi wa kisukari wana presha na matatizo ya moyo pia. Ila hiyo mifano mitatu inaonyesha kabisa kwamba mafuta yakishuka sio lazima wanga nao ushuke.

Kwanini iko hivyo? Hapa naomba mniruhusu nieleze kidogo kiwandani tunafanyaje, maana watu wanadhani kutengeneza light ni kutoa mafuta basi, umemaliza. Aiskrimu ina maji mengi, na maji yakiganda yanakuwa jiwe. Kinachofanya uweze kuichota na kijiko ni mafuta, hewa na sukari, hivyo vitatu. Sukari haiko mle kwa ajili ya utamu peke yake, inayazuia maji yasigande yote kwenye baridi ya friza, ndio maana aiskrimu ikiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri bado kuna sehemu ya maji haijaganda na kijiko kinaingia. Sasa ukitoa krimu, ule ulaini unapotea na mdomoni inakuwa kama barafu ya kwenye mfuko, mteja haitaki. Inabidi uzibe lile pengo na kitu. Unaongeza maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta, ambayo nusu ya uzito wake ni sukari ya maziwa, ile laktosi. Unaongeza shira ya mahindi. Unaongeza maltodekstrini, huu ni unga wa wanga uliokatwakatwa, mdomoni haina utamu wa maana lakini tumboni inageuka glukosi haraka sana, na hapa ndio naomba kila mwenye mgonjwa nyumbani asome mara mbili: kwenye jedwali la lebo maltodekstrini sehemu kubwa haihesabiwi kwenye mstari wa sukari, inahesabiwa kwenye mstari wa wanga. Kwa hiyo mtu anaangalia sukari anaona imepungua anafurahi, kumbe wanga wote kwa ujumla upo pale pale. Siku zote msome mstari wa wanga kwanza ndio mshuke kwenye sukari.

Na chokleti inaongeza ugumu wake. Kakao ni chungu. Vanila unaweza kuipunguzia sukari kidogo ikakubali, chokleti ukiipunguzia sukari, uchungu unajitokeza, ndio maana mara nyingi miksi ya chokleti inawekwa sukari zaidi. Juu ya hapo baridi inafanya ulimi usisikie utamu vizuri, iacheni aiskrimu iyeyuke kabisa muionje ikiwa ya uvuguvugu, mtashangaa ilivyo tamu kupita kiasi, sukari ni ile ile ila ulimi sasa unaisikia.

Sasa nije kwenye hewa, na hapa ndipo naumia zaidi maana hakuna anayewaeleza watu. Aiskrimu inauzwa kwa lita na mililita. Mashine wakati inagandisha miksi inapiga na hewa ndani, kama vile unavyopiga mayai ya keki mpaka yanafura, na hewa hiyo ni sehemu ya kawaida ya aiskrimu, bila hiyo isingelika. Lakini kiasi cha hewa kinatofautiana mno. Miksi lita moja ina uzito wa kama kilo 1.1. Ukiipiga hewa mpaka ujazo wake ukawa mara mbili, lita moja ya aiskrimu itakuwa na uzito wa gramu kama 550. Ukiipiga nusu ya hapo, lita moja inafika gramu kama 730. Kwenye kopo zote mbili zimeandikwa lita moja, bei unaweza kukuta hazipishani, ila moja nusu yake ni hewa. Marekani waliona hilo wakaweka sheria kwamba galoni ya aiskrimu isipungue ratili nne na nusu, ambayo ni kama gramu 540 kwa lita, chini ya hapo huruhusiwi kuiita aiskrimu.

Shida inakuja kwenye kalori. Chukua aiskrimu mbili zenye miksi ile ile, kila moja kalori 200 kwa gramu 100. Ile ya hewa nyingi ukichota mililita 100 umepata gramu 55, kalori 110. Ile ya hewa kidogo mililita 100 ni gramu 73, kalori 146. Umeona? Robo nzima ya kalori imepungua na hakuna kilichopunguzwa kwenye miksi, hakuna mafuta yaliyotoka, hakuna sukari iliyotoka, hewa tu imeingia. Sasa lebo ikiandika kalori kwa kipimo cha ujazo, kwa kikombe au kwa skupu, ile yenye hewa nyingi inaonekana nyepesi kiafya. Ndio maana kila siku nawaambia watu linganisheni kwa gramu 100, sio kwa skupu wala kwa kikombe. Na kama kopo halina uzito wa gramu, limeandika mililita tu, basi mlinyanyue mkononi, linyanyueni na la jirani yake kwenye friza, mkono utawaambia mengi.

Hayo mambo ya skupu yana historia yake pia. Marekani kwa miaka mingi kipimo cha aiskrimu kwenye lebo kilikuwa nusu kikombe, mwaka 2016 wakatangaza kipimo kipya cha theluthi mbili ya kikombe kwa sababu walikiri kwamba watu wanachota zaidi ya ile nusu. Mwaka huo huo ndio wakaleta na mstari wa sukari iliyoongezwa, ili mtu aone ile ya maziwa yenyewe mbali na ile iliyomwagwa kiwandani. Kwenye supamaketi zetu hapa unakuta kopo la Marekani linalohesabu kwa kikombe, la Ulaya linalohesabu kwa gramu 100, la Uarabuni, la India, la Afrika Kusini, la hapa hapa nyumbani, yote yamekaa friza moja na kila moja lina lugha yake ya hesabu, halafu gazeti linasema tu "chagua light". Achague vipi huyo mama aliyesimama pale?

Maana light ya wapi? Ulaya ukitaka kuandika light lazima umepunguza angalau asilimia 30 na useme umepunguza nini. Marekani kwa chakula kama aiskrimu ni theluthi moja ya kalori au nusu ya mafuta. Kodeksi, ambao ndio viwango vya chakula vya kimataifa na Tanzania ni mwanachama, wao ni asilimia 25, na wanasema wazi kwamba neno hilo liendane na maelezo ya kile kilichofanya chakula kiitwe hivyo. Na kote huko kulinganisha ni na chakula cha aina hiyo hiyo, hakuna anayesema light ina kiasi fulani kidogo cha sukari. Aiskrimu ya chokleti ya mafuta gramu 17 ukiipunguza nusu ya mafuta inabaki na 8 na nusu, inaandikwa light kihalali kabisa, na bado haijaachana mbali na ile ya kawaida ya gramu 11 iliyo kwenye friza jirani ambayo haijaandikwa chochote.

Shangazi yangu ana kisukari, yupo Tanga, ni mtu makini sana kwenye dawa zake na miadi yake ya kliniki. Kuna kipindi sukari yake ya usiku ikawa inapanda na hakuna anayeelewa, chakula cha mchana ni kile kile, ugali mdogo, mchicha, samaki. Nilipomtembelea nikaona kwenye friza lake kopo la lita mbili la chokleti light, akaniambia mwanangu hii ni ya kwetu sisi wagonjwa, imeandikwa, nakula kila baada ya isha. Bakuli lake lilikuwa lile la uji. Nikapima na mzani wa jikoni, bakuli lile likijaa linabeba kama gramu 200, ukiweka wanga gramu 26 kwa kila 100 unapata gramu 52 za wanga, hiyo ni sawa na vijiko vya chai 13 vya sukari kwa hesabu ya gramu nne kijiko. Chai yake anakunywa bila sukari kabisa! Kwa kweli niliumia. Hakudanganywa na mtu mmoja, amesikia hapa, amesoma pale, neno limezunguka mpaka limekuwa kama cheti cha daktari. Sasa anakula vijiko vichache siku ya Ijumaa na vinahesabiwa ndani ya chakula chake, na wala hajakosa raha yake. Ni kwa ajili ya watu kama yeye ndio nimekaa kuandika barua hii.

Mtasema basi kuna zile zisizo na sukari, zile zenye vitamu mbadala. Ni kweli na zipo zilizotengenezwa vizuri, mimi sizipingi. Marekani kuna mwanasheria wa Los Angeles anaitwa Justin Woolverton aliyeanzisha Halo Top kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anapunguza sukari, na ilipofika katikati ya 2017 ndio ikawa aiskrimu ya kopo dogo inayouzwa kuliko zote kwenye maduka ya vyakula kule, ikazipita Ben & Jerry's na Häagen-Dazs. Namba ya kalori za kopo zima waliiandika kubwa mbele, na hilo binafsi nalipenda, maana wengi tukianza kopo tunalimaliza, kwa hiyo ni ukweli unaomsaidia mlaji. Walichofanya ni kuweka erithritoli, stevia (kitamu kinachotoka kwenye majani), faiba na proteini ya maziwa kwenye nafasi ya sukari nyingi na krimu nyingi. Erithritoli ni katika zile pombe za sukari, jina tu hilo halina ulevi, gramu moja ina kalori 0.2 wakati sukari ina 4, na haipandishi sukari ya damu kwa sababu mwili unaitoa kwenye mkojo karibu yote kama ilivyo.

Lakini sio zote ziko hivyo, na hapa lebo inabidi isomwe kwa jina. Maltitoli, ambayo ni rahisi kuikuta kwenye chokleti za "bila sukari", ina kalori 2.1 kwa gramu na inapandisha sukari ya damu, sio kama sukari yenyewe lakini inapandisha. Sorbitoli ina 2.6. Hizi mbili ukizila nyingi tumbo linaunguruma na kuharisha juu, Ulaya chakula kikiwa na zaidi ya asilimia 10 ya vitamu vya jamii hii kinaandikwa onyo hilo kwenye lebo. Mtoto mdogo ukimpa kopo la namna hiyo usishangae usiku kucha yuko chooni. Kuhusu erithritoli yenyewe kuna utafiti uliotoka Februari 2023 kutoka hospitali ya Cleveland Clinic ya Marekani uliokuta watu wenye kiwango kikubwa cha erithritoli kwenye damu walipata zaidi mshtuko wa moyo na kiharusi, ila utafiti kama ule unaonyesha vitu viwili vinatembea pamoja, haujathibitisha kwamba kimoja ndio kimeleta kingine, na mwili wenyewe pia unatengeneza erithritoli kidogo. Kwa hiyo tusitishane lakini pia tusijaziane makopo. Mei mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo kwamba vitamu visivyo sukari visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito, na mwongozo ule haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari, wala hizi pombe za sukari hazikuwemo. Naona watu kwenye magrupu ya wasapu wanasambaza kwamba WHO wamepiga marufuku, hawajapiga marufuku chochote.

Na "bila sukari ya kuongezwa" bado ina laktosi ya maziwa. Hilo nalo liandikeni siku moja, fupi tu.

Nisisahau stiki, zile zenye koti la chokleti nje, maana hizo ndio watoto wanalia nazo. Unakuta ndani ni light kweli, lakini lile koti la nje halihitaji kuwa chokleti halisi. Siagi ya kakao ni ghali, kwa hiyo wengi wanatumia mafuta ya nazi au ya mawese yaliyochanganywa na unga wa kakao na sukari, mafuta ya nazi yana faida kiwandani kwa sababu yanaganda haraka stiki ikichovywa na yanavunjika vizuri mdomoni. Sasa mafuta ya nazi zaidi ya asilimia 80 ni yale ya kuganda, mawese karibu nusu. Ukiona imeandikwa "haina lehemu", yani kolesteroli, ni kweli haina, mafuta ya mimea hayana lehemu, lakini mafuta ya kuganda ni hayo hayo yanayopandisha lehemu mbaya kwenye damu yako. Someni jedwali la stiki nzima, sio la ile sehemu ya ndani.

Tena kuna nyingine sio aiskrimu kabisa, zimeandikwa tu kitindamlo baridi, krimu imetolewa yakawekwa mafuta ya mimea. India ugomvi huu ulifika mpaka Mahakama Kuu ya Bombay mwaka 2017, kampuni ya maziwa ya Amul ilitoa tangazo likiwaonya watu kuhusu vitindamlo vya mafuta ya mimea, Hindustan Unilever, wanaouza vitindamlo hivyo, wakaenda mahakamani na mahakama ikaamuru tangazo lisimamishwe. Mtu anaweza kuwa upande wowote kwenye kesi ile, ila kule angalau mlaji akisoma kopo anajua hii ni ya maziwa na hii sio, kwa sababu sheria yao imetenganisha majina. Uingereza aiskrimu ya mafuta ya mimea inaruhusiwa kuitwa aiskrimu. Kwa hiyo kopo likitoka kule na lingine likitoka India yanaweza kuwa na vitu vile vile ndani, majina tofauti.

Mtu mwingine atauliza, kakao si ina faida? Inayo. Unga wa kakao mtupu theluthi yake ni faiba, una madini ya chuma na magnesi nyingi, na una vile viambata vinavyosaidia mishipa ya damu kulegea. Na kakao tunayo, Kyela kule Mbeya wanalima kakao nzuri ambayo nyingi inapanda meli kwenda nje. Lakini kwenye aiskrimu kakao ni asilimia chache tu, tuseme tatu, kwa hiyo gramu 100 za aiskrimu zina gramu tatu za kakao, na kama imepitishwa kwenye magadi kiwandani ili iwe nyeusi na isiwe chungu, njia ambayo ilianzia kwa Van Houten kule Uholanzi kwenye miaka ya 1800, basi vile viambata vingi vimeshakufa. Huwezi kumwambia mtu ale vijiko sita vya sukari ili apate gramu tatu za kakao. Ukitaka kakao weka kijiko kwenye maziwa ya moto bila sukari, au kwenye mtindi.

Nyumbani kwangu tunafanya hivi, ndizi mbivu zile zilizoanza madoa tunazimenya, tunazikata, zinalala friza, kesho yake zinasagwa kwenye blenda na kijiko cha kakao na mtindi kidogo. Inatoka laini kama aiskrimu kweli. Mafuta karibu hakuna, faiba ipo, bei ni ya soko la Tandale. Lakini naomba niwe mkweli hapa pia ili na hii isije ikageuzwa kuwa dawa, ndizi gramu 100 ina wanga gramu 23, sio mbali na ile light. Mwenye kisukari ataila kwa kiasi kile kile cha kuhesabu, faida yake ni kwamba unajua umeweka nini na haina sukari ya kumwagwa.

Sasa ninachoomba, Mhariri. Kwanza kwenu wenyewe, mkiandika tena kuhusu vyakula hivi wekeni namba kwa gramu 100, wanga, sukari, mafuta, mafuta ya kuganda, mistari minne tu inatosha, na muandike gramu ngapi ndio bakuli mnalolisema. Na ule ushauri wa mwanzo naomba mrudi muufafanue kwenye kona ile ile ya afya, sio kona nyingine, kwa sababu waliousoma pale ndio watakaorudi pale.

Pili kwa TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambao tangu 2019 ndio wamekabidhiwa usalama wa chakula uliokuwa chini ya TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa. Naomba kila kopo la aiskrimu linaloingia au kutengenezwa hapa liwe na uzito wa gramu pembeni ya mililita, jedwali la gramu 100 kwa Kiswahili, na likiandika light liseme hapo hapo mbele, kwa herufi zinazosomeka, limepunguza nini na kwa asilimia ngapi na limelinganishwa na nini. Sio jambo la ajabu naliomba. Chile tangu 2016 wanabandika alama nyeusi za pembe nane mbele ya pakiti, chakula kigumu kikivuka gramu 10 za sukari kwa gramu 100 kwa kiwango chao cha 2019 kinapigwa alama ya "sukari nyingi", na mafuta ya kuganda yakivuka gramu 4 kinapigwa nyingine. Aiskrimu ya light yenye sukari gramu 20 na kitu inapigwa alama kama nyingine zote, hakuna cha light. Na chakula chenye alama hakitangazwi kwa watoto wala hakiuzwi mashuleni. Mama wa Santiago hajui kemia zaidi ya mama wa Mbagala, ila yeye akifika kwenye friza anaona alama nyeusi anajua.

Kwa madaktari na manesi wa kliniki za kisukari, wagonjwa wanawaogopa na hawawaambii kila kitu wanachokula, hasa kile wanachoamini kimeruhusiwa. Ulizeni kwa jina, mama unakula aiskrimu, ya aina gani, bakuli la ukubwa gani. Mkimuuliza "unakula vitu vya sukari?" atawajibu hapana na atakuwa anasema kweli anavyoelewa yeye.

Na kama TBS wanasema hawawezi kuanza na vyote kwa pamoja, basi waanze na stiki zinazouzwa nje ya mageti ya shule za msingi, hizo zenye koti, zinauzwa moja moja nje ya boksi na jedwali la virutubisho limebaki kwenye boksi kwa muuzaji, mtoto wala mzazi hajawahi kuliona.

Wenu katika ujenzi wa afya,
Msomaji wenu wa siku nyingi,
Tabata, Dar es Salaam